Kwa Aliyekiazima Kabla Yangu

Chini ya "akamsamehe" umepiga mstari,
pembeni ukaandika: Safi sana.
Mimi nilikifunga hapohapo, kwa kishindo;
paka akaruka dirisha,
maharage yakaungua
Barabara ya Kumi na Tatu nzima ikanusa.

Safi ya nini?
Mwanamume kauza cherehani ya mkewe,
kurasa arobaini tunasifiwa masharubu yake,
halafu mke asamehe kwa neno moja?

Nikakirudisha maktaba. Bi Mwanakheri
akagonga muhuri, hakuuliza.
Nimevuka reli, Ngamiani hii hapa,
nikageuza baiskeli.
Nimekiazima tena.

Usiku huu nausoma ukurasa ule polepole.
Kumbe mwanamke hakusema amesamehe.
Alisema, "Kula, kinapoa."
Msamaha kautia mwandishi.

Nimechonga kalamu ya risasi kwa kisu cha vitunguu.
Mali ya umma, najua.
Chini ya safi yako, kwa herufi ndogo:
Umemuuliza yeye?

Kikikurudia mkononi, nijibu.
Nafasi bado ipo, kando ya tone la mchuzi.
Hilo tone ni langu.