Karatasi ya Pili

Nilipanda ngazi, Mtaa wa Rufiji,
na mfuko wa rambo: risiti, ramani ya kiwanja cha Buswelu,
na maneno ya kujaza meli ya Ukerewe.

Wakili Mbuke Lugendo hakunikatiza.
Alipiga mstari katikati ya daftari:
huku niliyoyaona, kule niliyoyasikia.
Kule kukafurika.
Huku, mistari mitatu.

"Na lile usilotaka nilijue?"

Nikatazama dirishani. Juu ya bati
korongo alikuwa akihangaika na utumbo wa sato,
hauingii, hautoki.

Ilikuwa ndani ya sidiria, imekunjwa mara nne:
saini yangu, na laki nane nilizopokea
mwaka ule Kabula alipolazwa Bugando.

Nikaitoa, ina jasho.
Akaisoma mara mbili. Hakunigombeza, hakunipa moyo.
"Ningekutana nayo mahakamani,
mkononi mwa mwenzangu, tungekwisha.
Sasa tuna kazi."

Nije tarehe kumi na nne, saa tatu, na cheti cha hospitali.
Nisimpigie usiku kuuliza kama tutashinda.

Nilimpigia mara moja tu.
Hakupokea.
Asubuhi, ujumbe, neno moja:
Cheti?