Kijisanduku cha Chini

Miaka thelathini na miwili nilipanga barua
katika posta kuu ya Nairobi:
Malava huku, Khayega kule, Butere juu ya Mumias,
mkono ukiyajua majina kabla ya jicho.
Shinyalu kilikuwa kijisanduku cha chini, cha pembeni,
hadi niiname.
Mgongo wangu ndio uliotangulia kuijua.

Siku ya kustaafu wakanipa saa ya ukutani na soda.
Usiku nikakaa na kalamu:
kodi ya Umoja, maji ya mkokoteni, dawa za presha,
nikatoa, nikatoa,
pensheni ikaisha tarehe kumi na moja
na mwezi umesimama mlangoni unanitazama.

Kaka yangu Mwadime akapiga simu kutoka Wundanyi.
"Wakesho, rudi nyumbani."
Nyumbani wapi? Shamba mligawana nyinyi wanaume,
mimi nikapewa baraka.
Juu ya baraka hapapandwi mahindi.
Akakohoa. Salio likamwishia, au alikata.

Basi nikanunua robo ekari mahali nilipopajua kwa mgongo,
kwa pesa ambazo Nairobi
zisingenunua hata kivuli cha choo.
Vyumba viwili, mabati, dirisha la jikoni
linalotazama ukingo wa msitu.
Asubuhi mbega huketi mti wa mwisho,
mashuka yao meupe yakining'inia,
kama wafiwa wanaosubiri chai.
Na yupo ndege mkubwa wa buluu;
jirani alinitajia jina lake kwa Kiisukha
nikalisahau mara tatu.
Sasa namwita Meneja:
kelele nyingi, na kazi yake siioni.

Saa tisa, mvua.
Hainyeshi tu, inaripoti kazini.
Radi zikianza nafunika kioo kwa kanga
kama alivyofanya mama, milima mingine, mvua nyingine.

Sitadanganya. Ziko usiku ninapoikumbuka ghorofa ya nne,
mtoto wa jirani akilia ukutani,
mtu akiburuta kiti, taa za barabara.
Hapa giza ni giza kweli,
na hospitali ni mbali kwa mtu mwenye moyo kama wangu.

Khavere alikuja na mrenda na munyu wa majivu.
Watoto? Sina.
Mume? Alikuwepo, kisha hakuwepo.
"Sasa utazikwa wapi?"
Swali lile lile la Mwadime,
ila huyu aliuliza huku ananimenyea ndizi.

Jumamosi moja, jua halijachomoza, isukuti zikapita.
Nikatoka na gambuti kufunga lango, nilinde sukuma wiki yangu.
Nimechelewa. Fahali wa Lihanda alikuwa ameshapita juu yake,
nyuma yake kijiji kizima, matawi mikononi,
na sijui ni nani aliyenishika kiwiko,
wala magoti yangu yalisahau vipi umri wao,
lakini nilifika uwanjani.
Pembe zikafungana. Vumbi halikuwepo, umande tu,
na pumzi mbili kubwa zikitoka moshi.
Kisha mmoja akageuka, akakimbia, akavunja ua la mtu.
Nilikuwa nimepiga kelele hadi sauti ikapotea,
na sikuwa nimejua ninamshangilia yupi.
Jumatatu Lihanda akaleta miche arobaini ya sukuma.
Hakusema neno. Akaipanda mwenyewe.

Wiki iliyopita nilipita posta kulipia sanduku langu.
Kijana wa dirishani akasema barua siku hizi ni za benki tu,
kisha akanipa moja, nzito upande mmoja.
Mwandiko wa Mwadime, ule wa kuegemea nyuma.
Ndani, hakuna barua.
Maharagwe tisa ya shamba la baba.

Nikasimama pale nikiutazama mhuri wa Nairobi.
Kuna mtu, siku fulani, aliinama.

Nimeyapanda yote karibu na dirisha.
Matatu yameota.
Mengine, kuku wa Khavere.