Swali la Usalama

Mtandao hapa Langoni hushika vizuri ukumbini tu,
chini ya zidaka, karibu na friji iliyogeuka kabati,
basi ndipo tulipomkalisha mama, mgongo ukutani,
miguu ameinyosha jamvini, kidole gumba kimefungwa bendeji,
ungo wa mchele mapajani,
na mimi kando yake na simu yangu yenye ufa.

Zamani lilikuwa daftari.
Daftari la kliniki, jalada la buluu,
mende wameula ukurasa wa Rajabu.
Lilipotea mara mbili, na mara mbili
ugonjwa ukaanza upya:
jina nani, umri gani, tangu lini?
Sasa kila kitu kimetiwa kwenye lango la wagonjwa.
Lango. Neno hilo mama amelipenda.
"Kama ni lango, basi lina ufunguo."

Ufunguo aliuweka mwenyewe, Mfungo Tatu,
siku aliyokwenda peke yake akasaidiwa na nesi Barke.
Mimi nilikuwa shule, nasahihisha mitihani.
Nywila ameisahau,
na amesahau kwamba aliwahi kuijua.
Nikabonyeza palipoandikwa *Umesahau?*
Lango likauliza, kwa adabu ya karani wa benki:

*Jina la mtoto wako wa kwanza?*

Hilo nalo swali? Nikaandika Raya,
haraka, kama mtu anayetia sahihi mshahara wake.

*Jibu si sahihi. Umebakiwa na majaribio mawili.*

Nikatazama kama nimekosea herufi.
Jina langu lilikuwa pale, zima,
na halikutosha.

Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo.
Uchochoroni mtu alikuwa akishusha simiti, mfuko baada ya mfuko,
akihesabu kwa sauti.
"Andika Shekuwe," akasema.

Nani?

"Andika, mwanangu. Ni kabla yako."

Miaka arubaini na mitatu naitwa kifungua mimba.
Nimekula firigisi ya kila kuku wa nyumba hii.
Nimebeba lawama za wadogo zangu, nikaona ni haki yangu,
kumbe mlango niliukuta wazi.

Nikaandika, vidole havinisikii: *Shekue.*
*Si sahihi. Limebaki jaribio moja.*

Mama akajiinua kidogo kutoka ukutani,
yeye asiyezijua herufi hizi,
aliyesomea ubaoni, chuoni, kwa alifu na be.
"Ina wau hapo mwisho.
Usimwondolee wau yake."

Alikaa siku ngapi, mama?

"Kumi na moja. Alikuwa na nywele nyingi."

Nikaitia wau. Lango likafunguka.

Sukari ya miezi mitatu: tisa nukta moja.
Presha: nafuu kidogo.
Figo: kipimo kirudiwe.
Miadi: Jumanne, saa mbili u nusu, aje hajala.
Na chini kabisa, ambako hafiki mtu asiyetafuta kitu:
*Uzazi: watano. Walio hai: wanne.*

Alimwambia Barke, msichana wa juzi,
kwa sababu Barke aliuliza.
Sisi tulimuuliza kama amemeza dawa.
Tulimuuliza nani amempa halua.
Kila jioni tulimuuliza, wanne kwa zamu,
kwa simu kutoka Mombasa, kutoka Jeddah,
na kila jioni akajibu alichoulizwa.

Kikatokea kidirisha kingine:
*Ungependa kubadilisha swali la usalama?*

"Lasemaje tena?"
Nikamweleza.
Akafikiri, akaokota chenga moja, akaitupa.
"Wacha. Liulize lilo hilo.
Angalau nipate wa kuniuliza."

Kisha ungo ukaanza tena kupepeta,
na bila kuinua macho:
"Haya. Hiyo tisa, ni nyingi au ni chache?"