Haragwe la Babu Eudald

Siku ya Wafalme, tarehe sita Januari,
torteli hukaa katikati ya meza
kama gurudumu lililovikwa matunda ya sukari,
na tumboni mwake wamelala wawili:
mfalme wa kauri na haragwe kavu.
Apataye mfalme huvaa taji la karatasi.
Apataye haragwe hulipia keki.
Ndiyo sheria, na Olot nzima inaijua.

Kwetu mfalme alionekana kila mwaka.
Haragwe, kamwe.
Tulipekua makombo kwa ncha ya kisu,
mjomba Quirze akamlaumu mwokaji,
na Babu Eudald, mkono wa birika,
akafuta masharubu taratibu, akaomba kahawa.
"Amelimeza," bibi alininong'oneza.
"Heri limkwame kooni kuliko limtoboe mfuko."

Basi mwaka ukaenda, ukinukia.
Februari, koka ya Alhamisi ya Mafuta,
vipande vya nguruwe na sukari
vikitatarika menoni.
Kwaresima na bunyoli zake za anisi,
ndugu wa kaimati;
bibi akizitumbukiza mafutani kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ukihesabu rozari.
Toba gani hii, nilijiuliza, inayonukia hivi?
Kisha krimu ya Mtakatifu Yosefu:
chuma chekundu kinaigusa sukari,
fyuu, moshi,
halafu kioo.

Jumatatu ya Pasaka
babu, aliyekuwa pia msimamizi wangu wa ubatizo,
alileta mona,
mayai juu yake sawa na umri wa mtoto.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilihesabu mayai saba.
"Mjukuu wangu," akasema, "unaonekana mdogo."

Na usiku wa Mtakatifu Yohane,
mioto ikiruka mitaani, mbwa wote chini ya vitanda,
aliikata koka ya Juni vipande vyembamba
hata mwanga wa moto ukapenya.

Alifariki Oktoba,
misitu ikiwa na rangi ya kutu.
Panaleti za Watakatifu Wote bibi alizifinyanga peke yake,
lozi, kiazi, sukari,
akizibiringisha juu ya mbegu za msonobari
moja moja, kama anayefunga vifungo vya shati la mtu.
Hakulia.
Lozi, alisema, hazipendi chumvi.

Desemba, tukitafuta sahani ya toroni,
tulifungua mtoto wa meza wa babu.
Kopo la tumbaku.
Ndani, maharagwe thelathini na moja,
kila moja kwenye karatasi yake,
na kila karatasi kwa penseli:
mwaka, na bei ya keki.

Bibi alizisoma zote, amesimama.
Miwani ikamteleza, hakuisogeza.
"Dawa ya deni," akasema, "ni kulipa."

Januari alioka torteli mwenyewe.
Quirze akauma, akapiga ukelele, akatema haragwe.
Kisha mimi.
Kisha shangazi Roser, na mumewe,
na Biel mdogo mawili kwa mkupuo,
mpaka meza ikasikika kama mvua ya mawe
sahanini.
Tulicheka hadi mtu akalia, sikumbuki nani alianza.
Tukatoa pochi, sote.

Lakini mfalme, mfalme yuko wapi?
Tulipekua makombo kwa ncha ya kisu.
Bibi Assumpta akafuta midomo taratibu,
akaomba kahawa.