Ikisiri Isiyozidi Maneno Mia Mbili na Hamsini

Kongamano ni Agosti, mjini, katika hoteli yenye lifti.
Kamati imeandika: dakika kumi na mbili za kusema,
tatu za maswali,
na ikisiri ifike Ijumaa, kabla ya saa sita usiku.

Daktari Marlúcia kanisukumia kompyuta:
Edinéia, andika wewe, wewe ndiwe uliyewahesabu.
Mimi, niliyeishia darasa la saba,
binti wa Kuster mchuma kahawa,
ninayeijua kompyuta kama ninavyomjua askofu,
kwa heshima na kwa mbali.

Wanataka usuli.
Basi, bonde letu lilikuwa na sauti.
Alfajiri, kabla birika halijachemka,
bugio dume alifungua koo
mlima mzima ukanguruma.
Mgeni hudhani ni tufani inashuka,
kumbe ni kima mwekundu wa kilo saba
anamwambia jirani yake: nipo, je, wewe?
Na jirani, ng'ambo ya mibuni: nipo.
Hatukuwa na saa ya ukutani.
Mama aliteleka maji kwa sauti ile.

Mbinu: kutembea.
Daftari, penseli (kalamu ya wino huususia unyevu),
buti za marehemu baba, zenye soksi mbili ndani.
Makundi kumi na manne.
Niliwapa majina, daktari akayafuta kwa wino mwekundu,
kisha usiku, taa imezimwa, akaniuliza kitandani mwake:
Na Mjane Kipara, bado yuko?

Ikaja Januari ya homa ya manjano.
Wa kwanza nilimkuta njiani, kifudifudi,
kaushika mzizi
kama mtoto anavyoshika upindo wa nguo.
Wa pili mtoni.
Wa tatu nilimnusa kabla ya kumwona.
Makundi kumi na manne. Tisa. Mawili.
Halafu Jumatano moja birika lilichemka
na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama yupo.
Mama akatoka uani, kitambaa mkononi,
akatazama juu muda mrefu.
"Nani kaufunga mlima?"

Wakasema watu: hao kima ndio wanaotuletea.
Wakapanda na marungu.
Seu Adelmo, baba yangu wa ubatizo,
aliwapiga risasi jike na mwanawe,
akaniita nione, uso umemkunjuka,
kama aliyemuua nyoka chumbani mwa mtoto.
Sikumtukana. Ndiye aliyenishika nikamwagiwa maji.
Nilimwonyesha mbu kwenye ukosi wa shati lake.
Hawa wametangulia kufa, nikamwambia,
ndiyo sababu gari la chanjo limefika kwetu.
Mlinzi akianguka langoni,
utamkaba koo kwa kuleta wezi?
Hakunijibu.
Jumatatu nilimwona kwenye foleni ya sindano,
kofia kaivua kama yuko kanisani.

Hapa mashine inanionya kwamba maneno yamezidi.
Kateni, kamati. Kateni buti, kateni penseli,
majina yalikwisha kukatwa.
Jumatano ile niachieni.

Hitimisho sina.
Nina jambo moja ambalo sikulitia daftarini,
maana tukio moja si takwimu, hilo nimefundishwa.
Mwezi wa tatu mwaka huu, juu ya kijito cha Manso,
nilisikia koo changa,
linakohoa zaidi ya kuvuma,
linaanza, linakatika, linajaribu tena.
Likanyamaza, likingoja.
Hakuna kilichojibu ng'ambo.

Nilisimama kati ya mibuni,
mwanamke wa miaka arobaini na sita,
nikatazama huku na huku nisionekane,
nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma,
nikajibu.