Dirisha la Kimo Chako

Tela lilikuwa la mkata nyasi wa Pueblo.
Futi kumi na mbili kwa sita, bati jeupe,
sakafu imekunywa petroli hadi moyo wa ubao,
na pembeni, chini ya kiraka cha kutu,
majani makavu ya nyua za watu
waliomjua kwa sauti ya mashine tu.

“Hili si boksi,” ulisema, Dewitt.
“Ni nyumba iliyosahau madirisha.”
Ukaingia na penseli sikioni.
Ukachora ukutani: hapa kitanda,
hapa betri zitalala,
hapa Verla atakoroga kahawa
huku akitazama swala wakipita.
Mistari minne, na msalaba katikati,
kama mtoto achoravyo dirisha.

Ulipima kila kitu
isipokuwa kile kifuani.

Miezi kumi na mmoja tela likakaa uani.
Dada yangu Ardith akasema, uza.
Nikasema, Jumatatu.
Jumatatu ikafika, nikanunua drili.

Sikujua skrubu wala riveti.
Miaka ishirini na sita niliendesha basi la shule:
nazijua breki, naujua mteremko wenye barafu,
namjua mtoto atakayetapika kabla hajajijua.
Povu la kuzuia baridi sikulijua.
Lilivimba, likanishika nywele,
nikajikata kwa mkasi wa jikoni,
na hadi leo liko shungi langu
ndani ya ukuta wa kaskazini.
Atakayelibomoa tela hili
atanikuta humo, mvi na yote.

Husemwa, asiyeziba ufa hujenga ukuta.
Mimi ukuta ninao.
Ufa ndio niliouogopa.
Nilitoboa pembe nne za mchoro wako,
nikawasha msumeno, nikafuata penseli
polepole, kama mtu anayesoma barua
ambayo mwandishi wake hataandika nyingine.
Kipande kikaanguka nje, kikalia kama sufuria.

Mwanga ukaingia.
Nikasogea nitazame.
Nikaona mbingu.
Mbingu tupu, bila mlima, bila swala.

Ulipima kwa macho yako, bwana mrefu wewe!
Mimi nafika begani mwako.
Nilicheka hadi nikakaa chini
kwenye vumbi la mbao,
halafu si kicheko tena.

Sasa tuko bondeni San Luis, mimi na tela,
ekari tano za vichaka vya kijivu vinavyonukia dawa.
Paneli mbili juu ya paa,
tangi la maji ninayovuta kutoka mjini kila Alhamisi,
choo cha ndoo na unga wa mbao
(usicheke, hakinuki).
Upepo wa hapa ni mgeni asiyepewa jembe:
siku ya tatu yuko, siku ya arobaini yuko,
anakula vumbi letu, anatulisha vumbi letu.
Usiku naamka kusoma namba ya betri.
Kumi na mbili nukta nne.
Ikishuka, nazima redio, nakaa na jiko la kuni,
naskiza bati likijikunja kwa baridi.

Jirani yangu Eusebio Archuleta, mwenye mbuzi,
alikuja na mashine yake ya kuchomelea.
“Tulishushe hilo dirisha, Verla.
Saa moja tu, juu tunaziba.”
Nikamwambia, kunywa kahawa kwanza.
Alikunywa. Akatazama kreti la maziwa
nililoligeuza chini ya dirisha,
lililochakaa katikati, mahali pa miguu miwili.
Hakurudia neno lile.

Badala yake akanifundisha matofali:
udongo, mchanga, majani makavu, jua.
Majani ya kwanza niliyachomoa
kwenye kona ile yenye kutu.
Tumefika mia nne na kumi,
na theluji imeshaweka kofia milimani,
kwa hiyo paa ni la mwakani, Mungu akipenda,
na mgongo wangu ukipenda.

Jana tulipanga mstari wa tano wa ukuta.
Eusebio akanyoosha futi kamba,
akaniuliza madirisha ya nyumba
yakae urefu gani.

Nikamwambia asubiri.
Nikaenda kuleta kreti.