Waya Mweusi

Datsun ya marehemu baba imegoma tena.
Kirumba, alfajiri, viroba vya dagaa vimepangwa nyuma,
naisukuma na vijana wawili wa barafu
mpaka mteremko wa Mwaloni utuhurumie.

Nimeshanunua betri mbili. Ya pili kwa mkopo.

Mashauri, fundi umeme, hakuniuliza kitu.
Alibonyeza mkanda kwa kidole gumba: umekaza.
Akafungua alternata, akazitazama kaboni,
akazirudisha kama meno ya mtu mwingine.
Injini ikiunguruma, mita kwenye betri
ikasoma volti kumi na mbili na nukta moja.
Akahamisha ncha kwenye alternata: kumi na nne.
Taa nyekundu ilikuwa ikinikonyeza.

"Inazalisha," akasema. "Haifiki."

Akalala kwenye tope la magamba ya sato,
akaufuata waya mweusi hadi kwenye bodi:
kutu ya kijani, laini kama mwani,
pale baba alipofunga kwa uzi wa wavu.

Msasa. Bolti moja, shilingi mia tano.
Taa ikazimika.

Ule uzi niliutia mfukoni, sijui kwa nini.
Betri bado nadaiwa.